Uzi maalumu: Kujifunza rangi ya mafuta kwa kunakili sura ya Juan de Pareja (Velázquez, 1650)

Kivuli_Cha_Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu kila mara anatokea mtu anauliza aanzie wapi na rangi ya mafuta, na mimi jibu langu ni lile lile: chukua picha moja ya sura ya mtu iliyochorwa na gwiji wa zamani, uinakili. Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo namwaga yote hapa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Picha ninayopendekeza ni Juan de Pareja, kazi ya Diego Velázquez, mchoraji wa Hispania wa karne ya 17. Aliichora Roma mwaka 1650. Leo ipo Metropolitan Museum of Art, New York, na tangu 2017 makumbusho hayo yanaruhusu mtu yeyote kupakua bure picha za kazi zake zisizo na hakimiliki, tena kwa ukubwa wa kuona hadi alama za brashi. Hilo peke yake ni sababu tosha, maana huwezi kunakili usichokiona.

Lakini nina sababu mbili nzito zaidi.

Ya kwanza, Velázquez hafuti nyayo zake. Leonardo da Vinci alikuwa akipaka matabaka membamba mno, hujui aliingilia wapi akatokea wapi. Ukimnakili yeye unabaki kukisia. Velázquez unaona pigo lilipoanzia na lilipoishia. Kuza ile kola nyeupe ya Pareja hadi ijae kwenye skrini. Hakuna lesi pale. Kuna mabaka ya nyeupe nzito, kando yake kijivu cha kawaida kabisa, na sehemu nyingine brashi imegusa mara moja ikaondoka. Punguza ukubwa, lesi inatokea. Mtu aliyekaa akachora uzi mmoja mmoja asingeipata.

Ya pili ni ngozi. Mafunzo mengi ya rangi ya mafuta yanamfikiria mtu mweupe. Anayetaka kumchora mtu mweusi anaachiwa ajitafutie, na mara nyingi anaishia kukamua tyubu ya kahawia, anaongeza nyeupe penye mwanga na nyeusi penye kivuli, sura inatoka kama ubao. Pareja alikuwa na asili ya Kiafrika, na uso wake humo ndani ni darasa zima.

Kidogo kuhusu mwenyewe, maana ukikaa na uso wa mtu muda mrefu hivyo ni adabu kumjua. Pareja alikuwa mtumwa wa Velázquez, msaidizi kwenye karakana yake, akasafiri naye Italia. Palomino, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Hispania, anasimulia kwamba Velázquez alimtuma Pareja mwenyewe akawaonyeshe watu picha hiyo, nao wakawa wanaangalia picha, wanamwangalia mtu, hawajui wamsemeshe yupi. Tarehe 19 Machi 1650 picha ikatundikwa Pantheon, hekalu la kale la Roma lililogeuzwa kanisa. Novemba mwaka huo huo Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru, kwa sharti kwamba amtumikie miaka minne zaidi. Pareja naye akaja kuwa mchoraji. Kazi yake ya 1661, Kuitwa kwa Mtakatifu Mathayo, iko makumbusho ya Prado mjini Madrid, na amejichora humo pembeni akiwa ameshika karatasi.

Naendelea.

---

Turubai_Tupu

Nimeweka kambi mkuu. Swali la haraka kabla hujaenda mbali: kutumia gridi si udanganyifu? Mimi kuchora kwa jicho sura inapinda.

---

Kivuli_Cha_Pili

Mkuu, gridi ruksa. Hapa tunajifunza rangi ya mafuta, hatufanyi mtihani wa kalamu. Ila tumia gridi yenye visanduku vikubwa, ikupe mahali pa macho, ncha ya pua, mdomo, kidevu na mabega, basi. Ukigawa uso visanduku vidogo vidogo utaanza kujaza visanduku, na uso utausahau.

Tena usinakili picha nzima. Halisi ina sentimeta 81.3 kwa 69.9, na sehemu kubwa ni joho na ukuta. Chukua kichwa na kola. Kichwa kiwe karibu na ukubwa wa kichwa cha mtu, kwa sababu ukikifanya kidogo utalazimika kutumia brashi ndogo, na brashi ndogo ndiyo inayowaharibu wanaoanza.

Sasa utaratibu. Turubai jeupe usilianzie jeupe. Lipake rangi ya udongo iliyofifia, amba ghafi (kahawia ya udongo, raw umber) na nyeupe kidogo, iwe kijivu chenye ukahawia, uliache likauke kabisa. Juu ya nyeupe tupu kila rangi ya ngozi nyeusi inaonekana nzito kuliko ilivyo, unaanza kuogopa, unaipausha. Juu ya rangi ya kati unaweza kwenda juu na kwenda chini bila kudanganywa.

Chora kwa amba iliyolainishwa na tapentaini au kiyeyushi kisicho na harufu. Mistari michache. Halafu fumba macho nusu, uitazame picha ya Pareja. Utaona vitu viwili tu: eneo la mwanga na eneo la kivuli. Jaza kivuli chote kwa rangi moja nyembamba. Chote. Tundu la jicho, chini ya pua, upande wa shavu, chini ya kidevu, nywele, vyote vishikane. Usichore jicho. Najua mkono unawasha, lakini usichore jicho.

Ukiishia hapo na ukasogea nyuma hatua kadhaa, mtu unapaswa kumtambua. Kama humtambui, hakuna rangi itakayokuja kukuokoa baadaye. Rekebisha sasa, bado ni kitambaa na kiyeyushi tu.

---

Msanii_Huru

Samahani, nipingane kidogo. Kunakili kunaua ubunifu. Miaka yote unajifunza kuwa Velázquez wa pili, na wa kwanza hatujammaliza. Kwa nini mtu asimchore jirani yake, akosee, ajifunze?

---

Bi_Paleti

@Msanii_Huru hoja yako inasemwa sana, ila historia inakukatalia. Mchoraji Rubens alikuwa na miaka zaidi ya 50, tajiri, maarufu, alipokaa Madrid mwaka 1628 na 1629 akinakili kazi za Titian, mchoraji wa Italia. Velázquez alikuwepo pale pale ikulu, bado kijana, na wawili hao walifahamiana. Manet alikuwa akinakili kazi kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Sargent alikwenda Prado mwaka 1879 akanakili Velázquez. Picasso mwaka 1957 alijifungia na Las Meninas, picha ya Velázquez, akatoa mfululizo wa picha 58. Francis Bacon ndiyo kabisa: alimchukua Papa Innocent X, picha ambayo Velázquez aliichora katika safari ile ile ya Roma, akamgeuza mapapa wanaopiga kelele. Nani kati ya hawa alikosa sauti yake?

---

Msanii_Huru

Bacon hakunakili, alivuruga 😀

---

Kivuli_Cha_Pili

Hahaa, hapo kakubana kidogo, Bi Paleti. Lakini @Msanii_Huru nakupa nusu ya hoja. Wapo watu wananakili picha ishirini na hawajui chochote, kwa sababu wananakili matokeo. Hapa kuna doa la kijivu, naweka doa la kijivu. Huko ni kufotokopi kwa mkono. Ninachotaka mtu anakili ni uamuzi: kwa nini kijivu kiko hapo, kiliwekwa kabla ya nini, kwa nini hapa rangi ni nene na pale ni nyembamba hadi turubai linaonekana. Jirani yako hawezi kukuonyesha hayo. Jirani yako ni nyama na mwanga, bado hajageuzwa kuwa rangi. Velázquez ameshamgeuza, na kazi yako ni kusoma alivyofanya.

Na ukimaliza, ndiyo, mwite huyo jirani. Mkalishe kwenye mwanga wa aina ile ile, tumia paleti ile ile, yaani rangi zile zile. Hapo ndipo utajua kama ulijifunza.

Turudi kwenye rangi. Hizi zinatosha:

nyeupe ya titani, oka ya manjano (udongo wa njano), siena iliyochomwa (udongo wa kahawia yenye wekundu), amba ghafi, nyekundu kali moja (ya kadmiamu), nyekundu ya zambarau yenye uwazi kama alizarini ya kudumu, na nyeusi ya mifupa.

Wauza seti kubwa za rangi hawatanipenda. Bluu haipo, na siyo kwamba imesahaulika. Changanya nyeusi ya mifupa na nyeupe, weka kijivu hicho pembeni ya siena, uone kinavyogeuka bluu mbele ya macho yako. Anders Zorn wa Uswidi anajulikana kwa paleti ya namna hii: nyeupe, oka, nyekundu, nyeusi. Ukiwa na rangi chache unalazimika kujua kila moja inafanya nini.

Angalizo kuhusu nyeupe. Velázquez alitumia nyeupe ya risasi. Ile ya titani imeingia kwenye paleti za wachoraji karne ya 20, na ina nguvu kuliko ya risasi, tena ya baridi, yaani inaelekea bluu. Kwa hiyo weka kidogo kuliko unavyodhani na uipashe joto kwa oka, yaani ielekee njano. Ya risasi ni sumu, sioni haja ya mwanafunzi kuigusa.

---

Mpaka_Matope

Mkuu hapa ndipo ninapokwama siku zote. Ngozi yangu inakuwa matope. Naanza vizuri, nikifika kwenye mashavu kila kitu kinakuwa rangi moja ya udongo uliolowa. Shida ni nini?

---

Kivuli_Cha_Pili

Hili ndilo swali la uzi mzima, ngoja nilijibu taratibu.

Matope yana sababu tatu, na mara nyingi zote zinakuja pamoja.

Kwanza, nyeupe kwenye kivuli. Kivuli cha ngozi nyeusi kinatakiwa kiwe na uwazi: amba na alizarini, nyembamba, rangi ya chini ionekane kwa mbali. Ukitia nyeupe hata kidogo, kivuli kinakuwa cha chokaa, kinakuja mbele badala ya kurudi nyuma. Mwangalie Pareja upande wa kivuli. Rangi ni nyembamba, haina fujo. Unene wote umehamia kwenye mwanga.

Pili, unachanganyia kwenye turubai. Brashi inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, joto na baridi vinaoana, vinakufa vyote. Changanya kwenye paleti (ubao wa kuchanganyia rangi) kwa kisu hadi uipate, weka pigo moja, ondoka. Kama si sahihi, kwangua uweke jingine. Usilisugue.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, unaamini ngozi ya kahawia imetengenezwa kwa kahawia. Tembea na mimi kwenye uso wa Pareja. Paji la uso penye mwanga: oka, nyeupe, nyekundu kidogo. Pale mng'aro unapopiga, rangi inapoa ghafla, karibu kijivu, kwa sababu mng'aro si rangi ya ngozi, ni mwanga wenyewe unaoruka kutoka juu ya ngozi. Kadiri ngozi ilivyo nyeusi ndivyo mng'aro unavyojitenga na rangi iliyo chini yake. Ukiuchora mng'aro kwa kahawia iliyopaushwa, umeua uhai wa uso. Shuka kwenye shavu: siena na nyekundu, joto. Kisha pale mwanga unapogeukia kivuli, kuna ukanda wa kijivu chenye ukijani, ile nyeusi na nyeupe na oka. Ukanda huo ndio unaozungusha shavu. Ukiuruka, unabaki na mwanga na kivuli vimeshonwa pamoja. Halafu kivuli chenyewe, joto tena.

Joto, baridi, joto, baridi. Ndiyo maana uso wake unapumua ingawa rangi zilizotumika ni za udongo tu.

---

Bi_Paleti

Niongezee mbinu moja. Chukua rangi uliyochanganya kwenye ncha ya kisu, isogeze hadi kwenye skrini, uiweke sambamba na sehemu unayonakili. Usijiulize "hii ni rangi gani". Jiulize mambo matatu: yangu ni nyepesi au nzito (yaani yenye mwanga au yenye giza) kuliko ile? Ni ya joto au ya baridi kuliko ile? Ina ukali au imefifia kuliko ile? Rekebisha kimoja baada ya kingine, ukianza na uzito. Uzito ukiwa sahihi, rangi hata ikikosea kidogo jicho linasamehe.

Na punguza mwangaza wa skrini! Skrini inawaka, rangi haiwaki. Shusha hadi nyeupe ya kola ilingane na nyeupe uliyokamua kwenye paleti. Usipofanya hivyo utakimbizana na mwanga ambao hakuna tyubu inayoutoa.

---

Turubai_Tupu

Nimepakua kutoka sehemu tofauti na kila moja ina rangi yake. Moja ni ya njano kabisa, nyingine kijivu. Niamini ipi?

---

Kivuli_Cha_Pili

Ya makumbusho yenyewe. Picha hii iliuzwa mnadani London mwaka 1970 kwa zaidi ya pauni milioni 2, ilikuwa mara ya kwanza mchoro kuvuka milioni moja mnadani. Baada ya kununuliwa ilisafishwa, vanishi (mpako angavu wa kulinda picha) ya zamani iliyogeuka njano ikatolewa, na vijivu vyote ninavyowaimbia hapa vikaonekana. Kwa hiyo nakala za zamani zilizochapwa zinaonyesha vanishi, siyo Velázquez. Ukinakili zile unajifunza ugonjwa wa picha.

---

Fundi_Fremu

Mmesahau suala la mafuta. Watu wanapaka tabaka la pili, halafu baada ya miezi michache wanalia nyufa.

---

Kivuli_Cha_Pili

Ahsante fundi. Kwa kifupi: rangi ya mafuta haikauki kwa kutoa maji, inakauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni, na inaendelea muda mrefu baada ya wewe kuiona imekauka. Tabaka la chini liwe na mafuta machache na likauke upesi. Linalofuata liwe na mafuta zaidi. Ukigeuza, la juu linakuwa gumu wakati la chini bado linatembea, na hapo nyufa haziepukiki. Kwa hiyo mchoro wa mwanzo ni rangi na kiyeyushi, matabaka ya kati ni rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu, na ya mwisho ndiyo unaongeza tone la mafuta ya kitani.

Rangi zenyewe nazo hazifanani. Amba ina manganizi, inakauka haraka, ndiyo maana inafaa chini. Nyeusi ya mifupa inachelewa mno. Kwa hiyo lile joho la Pareja usilijaze nyeusi nene mapema. Lianze kwa amba.

Kuna kitu kingine kitakutisha: sehemu za giza zitakauka zikiwa zimefifia, hazing'ai, na hutajua tena rangi yake halisi. Mafuta yamenyonywa na tabaka la chini. Pakaza mafuta ya kitani kidogo sana kwa kitambaa, futa hadi ubaki unyevu tu, rangi inarudi, endelea kuchora.

---

Fundi_Fremu

Na vitambaa hivyo vyenye mafuta ya kitani MSIVIKUNJE mkavitupa kwenye ndoo ya taka. Mafuta yale yakikauka yanatoa joto, na likifungiwa ndani ya kitambaa kilichosokotwa linaweza kuwasha moto lenyewe, bila kiberiti. Vianikeni vimetandazwa, nje, au vitieni kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

---

Mpaka_Matope

Duh, hilo la vitambaa sikulijua kabisa. Mkuu, na macho je? Ulisema tusiyachore.

---

Kivuli_Cha_Pili

Nilisema msiyachore mapema. Sasa ruksa.

Nyeupe ya jicho si nyeupe. Iweke kijivu cha joto, nyeusi kidogo kuliko unavyotamani, na upande uliofunikwa na kope ya juu uwe mweusi zaidi, kwa sababu kope inatupa kivuli juu ya mboni. Wengi wanachora nyeupe kabisa halafu mtu anaonekana ameona jini. Kope usichore unywele mmoja mmoja, pigo moja la giza linatosha. Nukta ya mwanga kwenye mboni ni ya mwisho, rangi nene, unagusa unaondoka.

Halafu kingo. Nywele za Pareja zinayeyukia kwenye ukuta nyuma yake, huwezi kuonyesha kwa kidole zinapoishia. Pitisha brashi kavu, laini, kati ya nywele na ukuta wakati vyote bado vibichi. Kola ndiyo pekee yenye ukingo mkali, ukikata kwenye joho. Jicho la mtazamaji linakwenda penye ukali, na Velázquez ameuweka chini tu ya uso, makusudi. Tazama na mkono wake: umeguswa kidogo tu, karibu haujamalizika. Angeumaliza, ungeshindana na uso.

Kola iwe ya mwisho. Kwanza kijivu kote, acha kishike. Kisha jaza brashi ya nywele za nguruwe kwa nyeupe isiyo na kiyeyushi, uiweke kama unaibandika. Mapigo yahesabike. Ukiona unaanza kurekebisha, weka brashi chini, nenda ukanywe maji.

---

Msanii_Huru

Haya, nimeshawishika nijaribu. Nikimaliza naruhusiwa kuiuza?

---

Bi_Paleti

Mchoro wenyewe hauna hakimiliki tena, Velázquez alifariki 1660. Kosa ni kuuza nakala kama ya kwake. Andika nyuma ya turubai kwa wino usiofutika kwamba ni nakala kutoka kwa Velázquez, jina lako na mwaka. Louvre wamekuwa wakipokea wanaonakili tangu 1793, na wana masharti: nakala isilingane ukubwa na kazi halisi, na saini ya mchoraji isinakiliwe. Fuata hayo hata kama uko sebuleni kwako.

---

Turubai_Tupu

Vanishi je, napaka lini?

---

Kivuli_Cha_Pili

Siyo leo. Kwa matabaka ya kawaida subiri miezi sita hadi mwaka, na unene wa kola ndio utakaoamua. Bonyeza ukucha taratibu pale penye nyeupe nene zaidi: ikibonyea, ndani bado ni laini. Wakati wa kusubiri usiifungie kabatini wala usiigeuze ukutani, mafuta ya kitani yanazidi kuwa ya njano gizani. Itundike penye mwanga wa kawaida, mbali na jua kali na vumbi.

Mwenye nakala yake aiweke hapa, hata kama ni ile hatua ya mwanga na kivuli tu. Nitapita kuangalia.